Koti la Vipimo vya Baba

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la viatu.
9 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Hujambo? Wifi naye hajambo? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unajifanya daktari wako mwenyewe? Huku tu wazima, ila Shangazi goti linamsumbua, na mimi usingizi umenikimbia.

Umenikimbia kwa sababu yako. Uliniuliza kama napenda ushonaji au nilikuwa nampenda Baba tu. Hilo nalo ni swali la kumwandikia mtu aliyefiwa? Nikipiga pasi ninalo, nikioga ninalo. Ningekuwa na jibu ningekupa, nilale.

Unajua msibani sikulia. Majirani walinong'ona, Shangazi akaninunia. Niliisubiri huzuni kama ninavyomsubiri mteja aliyeahidi kuja asubuhi, isije. Nikaanza kujiuliza kama ninayo kweli, au watu hulia kwa sababu wanatazamwa. Niliogopa sana, Kaka.

Sasa sikia. Juzi karani mmoja wa benki, mwembamba wa kupeperushwa na feni, alileta kitambaa cha suti. Nikampima, nikaandika, kisha nikakata bila kutazama nilichoandika; mkono ulikuwa unajiendea wenyewe. Alipokuja kujaribu, koti likammeza. Mikono ilifika kwenye kucha, na bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Akaniuliza kwa upole, "Fundi, hili la nani?"

Nani mwingine mwenye bega la kushoto lililoshuka kwa kuinamia cherehani maisha yake yote? Nilikuwa nimemkatia Baba.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kicheko kikageuka kilio, mkasi bado mkononi. Maskini karani alivua koti, akalikunja vizuri, akasimama pale. Hakuniambia ninyamaze, na nitamshukuru daima.

Shangazi anasema Baba ananitaka nibaki kwenye cherehani yake. Fundi viatu wa duka la mbele anasema nimechoka, nifunge chumba. Kila mmoja ana tafsiri yake, lakini koti ni koti tu, halisemi kitu. Wa kuamua ni mimi, na hilo ndilo linaloninyima raha, maana nikikosea sina wa kumsingizia.

Nimemnunulia karani kitambaa kingine. Kesho anakuja kupimwa upya. Safari hii nitakata nikimtazama yeye, nione kama moyo utakaa pale mkono ulipo. Usipokaa, nitafunga mlango bila kinyongo.

Nisalimie Wifi na mabinti. Shangazi anakusalimu, na anauliza lini utakuja. Mungu akulinde uendako na urudiko.

Mdogo wako akupendaye hata ukimnyima usingizi,
Sindano

Nimesahau: koti nimelifunga pamoja na barua hii. Mwili wa Baba umeurithi wewe, isipokuwa lile bega. Koti litakubana kidogo upande wa kushoto. Usilipeleke kwa fundi.