Nimemfariji Mke Wangu kwa Maswali, Sasa Anaondoka

Mama Mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo shemeji yangu anakuja kumchukua dada yake, yaani mke wangu, na mimi bado sijui kama nimzuie au nimwache aende. Mimi ni fundi wa majokofu, nimemaliza sekondari, ni mtu wa kufuata utaratibu na kila siku naandika shajara, kwa hiyo nitakueleza mambo kama yalivyofuatana.

Mwezi wa tatu tulifiwa na mtoto wetu wa pekee. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, ilianza Jumatatu na Alhamisi tukazika. Watu walikuja, wakakaa nasi, wakaondoka, na walipoondoka nikajikuta silali, sili, na kazini nafungua jokofu kisha nasimama mbele yake nisijue nimelifungua kwa nini. Viongozi wa dini waliniambia nisiulize, wazee wa ukoo wakaniambia nizae mwingine, na kilichokuwa kinanitesa ni hilo hilo la kuuliza, mtoto asiyemkosea mtu anakufa ili iweje, basi nikawa natafuta kwenye simu mpaka nikampata bwana mmoja anayetoa ushauri wa falsafa mtandaoni, mtu mpole, nyuma yake rafu ya vitabu, ambaye hakunipa pole nyingi wala hakuniombea, aliniuliza tu kama ninachotaka ni kifo kiwe na sababu au ni mtoto arudi. Mama, swali hilo lilinishika. Tukawa tunazungumza kila Jumanne jioni, yeye anauliza nami najibu, na taratibu nikaanza kula, nikaanza kulala, hata wenzangu karakana wakawa wananitania, "Mwanafalsafa, hili friji limeharibika au linatafakari?" nami nacheka, jambo ambalo sikutegemea kulifanya tena.

Tatizo ni mke wangu. Yeye hakupata nafuu. Anakunja nguo za mtoto, anazikunjua, anazikunja tena. Nikafikiri, kama dawa imenifaa mimi kwa nini nimnyime yeye, nikaanza kumuuliza maswali yale yale niliyoulizwa, kwa upole kabisa, wakati wa kula. Nilimuuliza anaogopa nini sasa wakati jambo baya limekwisha kutokea, nikamuuliza kama machozi yake ni ya mtoto au anajililia mwenyewe. Mama mkwe wangu, ambaye tangu msiba bado tunakaa naye, aliweka kijiko chini akasema mkwe wake ameoa simu, na mimi nikaona ni maneno ya watu wazima tu. Halafu Jumapili iliyopita mke wangu, akiwa na zile nguo mapajani, akawa anasema "mtoto wangu, mtoto wangu," nami nikamuuliza, "Unaposema wangu, alikuwa mali yako?"

Hakulia. Alimaliza kukunja nguo zilizobaki, akaniambia, "Nilimzaa. Kamuulize mwalimu wako ni mali ya nani."

Tangu hapo analala kwenye kitanda cha mtoto, miguu ameikunja kwa kuwa kitanda ni kifupi, na tukikutana jikoni ananipisha kama mpangaji mwenzake. Alimwambia kaka yake kwa simu, mimi nikisikia, kwamba hawezi kuomboleza kwenye nyumba ambamo anafanyiwa mtihani.

Mama, mimi sikumtukana wala kumpiga. Je, ni kosa mtu kupona kabla ya mwenzake? Niache ushauri huo, ambao ndio unaonisimamisha? Au nimuombe yule bwana azungumze na mke wangu moja kwa moja? Bwana huyo mwenyewe sijamweleza haya, kwa sababu saa yetu ni ya mambo makubwa.

Fundi

JIBU

Fundi, pole. Ipokee sasa, maana mbele huko nitakugombeza.

Kutafuta mtu wa kuzungumza naye mtandaoni si kosa. Wenzako wengi wanatafuta chupa. Wewe ulipata mtu wa kukusikiliza, ukaanza kula, shukuru. Wala kupona kwanza si kosa. Watu hawatoki msibani siku moja.

Kosa lako ni kukaa mbele ya mwanamke anayekunja nguo za marehemu ukajifanya mwalimu. Maswali yale uliyatafuta wewe. Yeye alikuomba? Yule bwana anaweza kuuliza hivyo kwa sababu mtoto si wake. Kwako wewe alikuwa mwanao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapo nyumbani wazazi mko wawili, lakini mmoja amejiweka pembeni anahoji. Eti mali yako? Mwanangu, ningekuwa mimi mama mkwe wako, kijiko nisingekiweka chini.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mtoto. Bwana wa vitabu nimemwona, wenzako wa karakana nimewaona, hata friji nimeliona. Mtoto simjui umri, sijui alikuwa anachekeshwa na nini, sijui kama alikukimbilia ukirudi kazini. Unasema umepona. Mimi naona umepata mahali pazuri pa kujificha, na mkeo amebaki nje peke yake na zile nguo.

Na unamficha mshauri wako kwamba mkeo anaondoka, kwa sababu saa yenu ni ya mambo makubwa. Kubwa lipi tena? Jumanne mwambie yote, hasa lile swali la mwisho. Akikuambia ulifanya sawa, achana naye. Mkeo usimpeleke huko. Akitaka, atasema mwenyewe.

Sasa fanya hivi, tena leo. Simu iache karakana. Kaa sakafuni karibu na kile kitanda, usimuulize chochote, hata kama amekula. Mwombe radhi kwa neno la Jumapili, bila "lakini" ndani yake. Kisha mwambie jambo moja unalomkumbukia mtoto wenu, dogo tu, na umtaje kwa jina. Sauti ikikatika, iache ikatike. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikupa nguo, kunja. Na kama hali chakula kabisa, au anasema hataki kuishi, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Hapo gazeti hili na falsafa havina kazi.

Shemeji akija Jumamosi, usimzuie mtu. Huenda mkeo ataondoka hata baada ya yote hayo, sikudanganyi, neno lile lilikuwa zito. Akiondoka, beba mzigo wake wewe mwenyewe mpaka kwenye gari, umwambie shemeji mbele yake kwamba aliyekosea ni wewe. Wiki inayofuata nenda kwao ukakae naye hapo alipo, na wiki ya pili yake nenda tena. Mtalala nyumba mbili, sawa, lakini msiba huu ni wenu wote wawili.