Pijo Uliyomwachia Frank

Baba,

Shikamoo, ingawa leo nakuamkia kwa hasira.

Frank, kitinda mimba wako, amenunua gari la spoti. Jekundu, milango miwili, liko chini mpaka ukikaa unahisi umekaa barabarani. Tuta la hapa Lemara analivuka kwa upande upande huku anamwomba Mungu. Linakimbia, sikatai. Linakimbilia wapi sasa?

Ili lipate banda, akaiuza Pijo yako. Hakuniuliza. Pijo iliyotubeba watoto watano kila Desemba kwenda Machame, na bado ukampakia mchungaji njiani! Asubuhi za Julai ikigoma kuwaka kwa baridi, ulinikataza kuisukasuka. "Vuta choki, subiri. Huyu ni mtu mzima."

Jumamosi tulikwenda kuweka msalaba kwenye kaburi lako. Mama akapanda na Frank; kwa kuwa viti ni viwili tu, mimi nikaja na basi. Walipoacha lami, gari likakaa tumbo juu ya jiwe, likagoma. Mama akapanda mlima ule kwa magoti yake yale, viatu vya kanisani mkononi. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa njia, anahema. Hakumlaumu mtu.

Jioni Frank akakata jani la sale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, akaniletea kwa mikono miwili. Ningefanyaje? Kwetu ukiletewa sale huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Nikalipokea. Nilimsamehe kweli, Baba.

Ila hasira haikutoka. Ndipo nikajua si juu ya Frank. Ni juu yako.

Mwaka mzima nilikupeleka hospitali kwa Pijo ile. Mimi ndiye niliyejua mlango wa nyuma unanyanyuliwa kidogo ndipo ufunge. Halafu kadi ya gari ukamwachia yeye, kwa sababu ni wa kiume. "Wewe utaolewa, gari libaki nyumbani." Nina miaka arobaini na mbili. Niolewe na nani, jamani? Na gari lenyewe limebaki?

Aliyepaswa kuniletea sale ni wewe, na huwezi tena. Hilo ndilo linaloniuma.

Basi pumzika. Desemba nitakuja, nitalikata mwenyewe pale mpakani, niseme umenipa wewe, na nitalipokea. Nakuahidi. Lakini mpaka Desemba, Baba, niache nikasirike.

Binti yako,
Aika