Firigisi Niliyokufukuzia

Nairobi, Jumapili

Mke wangu Mama Ayuma,

Nilikukosea. Nataka usome hilo kwanza, ndipo nikusalimie. Mko aje huko Shianda? Baba yako kifua kimemwachilia? Na Ayuma, anasoma vizuri? Mimi mwili ni mzima, mwili tu.

Jana hatukuwa na kazi. Mutua, yule Mkamba tunafanya naye kazi stoo, akanivuta twende na mke wake kuona nyumba moja ya picha za kuchorwa. Zamani ilikuwa ya Wazungu. Tangu Uhuru hata sisi tunaingia. Tulitembea polepole, mikono nyuma, kama wakaguzi wa shule. Mbele ya picha moja mke wa Mutua akakataa kuondoka. Mwanamke amepiga magoti, anawawekea wanaume chakula. Akauliza, "Na huyu mama, yeye atakula nini?"

Mutua akamwambia huyo alishaonjaonja huko jikoni, ameshiba kuliko wote. Nilicheka kumshinda Mutua mwenyewe.

Kutoka hapo tukaenda hotelini, tukaletewa kuku na ugali. Mpishi ni mtu wetu wa Khwisero, anajua kwetu firigisi ni ya mzee wa kiume, kwa hivyo aliiweka juu, upande wangu mimi mwenye mvi. Nami, kwa kutaka kuonekana mtu wa mjini, nikaichukua nikaiweka kwa sahani ya mke wa Mutua. Akaila. Akasema tu chumvi ni kidogo. Mpishi akaniangalia sana, nikamwambia hayo mambo ya wanawake kukatazwa kuku yalishaisha.

Maneno hayo yalitoka kwa mdomo wangu, Mama Ayuma.

Wewe ulikuwa umetoka kuzaa, na hakuna mtu wa kukupikia. Ulisikia njaa, ukala firigisi ya kuku niliyomchinjia ndugu yangu mkubwa. Alipopekua bakuli akaikosa, nilikuita mbele yake nikakwambia ufunge nguo zako uende kwenu. Ukaniambia, "Hata kitovu cha mtoto hakijakauka." Nikakuangalia ukitoka na Ayuma mikononi. Halafu nikampelekea baba yako neno kwamba alilea mwizi. Na mpaka leo uko huko.

Ningependa kusema ilikuwa mila. Hapana. Niliogopa ndugu yangu atasema ninatawaliwa na mwanamke. Sasa mke wa mtu nimempa kwa mkono wangu kitu nilichokufukuzia wewe, na nikafurahi kuonekana mtu wa mjini.

Nisalimie mama yako, na dada yako anayeshonanga nguo hapo sokoni, hata kama hataki salamu zangu. Ayuma mwambie ukweli wote, usinifichie.

Jumamosi kabla ya Pasaka nitafika kwa baba yako. Ndugu yangu nimeshamwambia, tutakuja pamoja. Nitasimama mlangoni niseme mbele yao wote kwamba hukuiba kitu, ulikuwa na njaa nyumbani kwako, na mwenye kosa ni mimi. Sitaketi wala sitakunywa chai mpaka wewe useme niketi. Na usipotaka kusema, nitaondoka hivyo hivyo nimesimama.

Ni mimi,
Baba Ayuma