Motere ya Papa Iko Kamanyola, Inasaga Muhogo

Mudogo wangu Furaha,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Miaka sita sikukuandikia hata mustari mmoja, na kosa ni langu. Nakuandikia kwa ajili ya gari ya Papa, ile nyekundu ya milango miwili ambayo majirani walisema aliinunua akiwa amesahau kwamba ana watoto. Iko hapa kwetu Kasha, nyuma ya nyumba, bila motere, injini yenyewe, vile tu bwana yako aliiacha.

Unakumbuka siku ya yenga, ile Jumapili, tukitoka misa? Papa anatupitisha mtaa wa Muhumba polepole, mimi mbele kwa kuwa ni mukubwa, wewe nyuma, magoti yanagusa kidevu. Ghafla anainua kidole: "Furaha, sikiliza. Inasema nini?" Na wewe, mutoto wa miaka tisa, unajibu: "Buji moja ya kuwasha moto ni chafu, Papa." Alikuwa anacheka mpaka naogopa atatuangusha. Mimi sikuwa nasikia kitu. Nilijua viti tu, kwa sababu vitambaa vyake nilivishona mimi, kazi yangu ya kwanza.

Matanga ya Papa yalipoisha tukaanza kugombania gari mbele ya watu. Shangazi akachoka na sisi: "Mukubwa abebe mwili wa gari, mudogo abebe motere, na muniache nilale." Nilidhani ni masihara. Kesho yake bwana yako akakuja na wanaume wanne na kamba, wakaitoa motere. Ndipo nikakuambia lile neno, kwamba umemuua Papa mara ya pili. Ulikaza kitenge chako ukaenda kwako Kamanyola, na mimi nikabaki nasema utairudisha tu.

Mwezi uliopita nilikuja huko kuichukua motere. Ndiyo, nilikuja. Nilikodi pikapu, nikapanga maneno yangu njia nzima. Karibu na kinu chako cha kusaga nikasikia sauti ya motere, na mimi mwenye masikio ya bure nikaijua. Wamama walikuwa kwenye foleni na mabeseni ya muhogo. Wewe ulikuwa ndani, nyusi nyeupe kwa unga, umeinamisha kichwa upande, unasikiliza vile Papa alikufundisha. Ukakaza kitu kidogo na ufunguo wa spana, motere ikatulia. Nilirudi kwenye pikapu bila kukusalimia. Shofere akaniuliza: "Maman, muzigo iko wapi?" Nikamwambia hakuna muzigo. Nililia mpaka Nyangezi. Kumbe Shangazi na usingizi wake aligawa vizuri kuliko sisi wote.

Sasa sikia mupango wangu, na usinicheke. Nimepata motere ya taksi iliyogongwa kwa nyuma, ya zamani, isiyo na kompyuta, waya chache. Nimeichukua pamoja na giaboksi yake, maana kununua motere peke yake ni kununua kiatu kimoja. Nilipima nafasi kwa futi yangu ya kushonea, mara tatu. Fundi alicheka, akapima na yake, ikatoa hesabu ileile. Inaingia, ila radieta inazidi vidole viwili, tutaisogeza mbele. Haitakimbia kama ile ya Papa. Ikipanda milima ya Bukavu bila kusukumwa, mimi nitashukuru.

Lakini ili ikae, lazima fundi akate vile vyuma vya ndani vilivyobeba motere ya Papa, aunganishe vingine. Vikikatwa, ile haitarudi tena mahali pake. Mara mbili amekuja na mashini ya kukata, mara mbili nimemuambia angoje. Alidhani sina makuta ya kumlipa. Ukweli ni kwamba siku zote vile vyuma vilipokuwa vizima nilijiona nina haki juu yako, na mutu mwenye haki haombi musamaha. Raha yake nimeionja, Furaha, na ni raha mbaya.

Nisamehe. Haukumuua Papa. Nilisema vile kwa sababu wewe ulikuwa na kitu cha kubeba na mimi nilikuwa nabaki na viti.

Jumamosi fundi anarudi, nimemuambia akate. Motere ni yako. Isage mpaka ichoke, na ikichoka unajua kuisikiliza.

Wabusu watoto. Kisha niandikie jina la yule mudogo kabisa. Hapa watu wananiuliza, na mimi silijui.

Yaya wako, dada yako mukubwa