Panya Aliyenona

Jumamosi. Baridi ya Julai inapenya mifupa, na mlima umejifunika wingu tangu asubuhi. Moyo wangu nao vivyo hivyo.

Leo nilipanda nyumbani, juu ya Tengeru, kumwona mdogo wangu Aneth. Amejifungua majuzi, na mama anamlea kidesturi: mzazi hashiki jembe wala ndoo, anakula mtori wa ndizi na nyama, na supu mpaka wageni waseme amependeza.

Na wamesema. Jirani alimshika mashavu akacheka. "Tazama alivyonawiri! Mama Aneth, umelea!" Mama alijaa furaha mpaka nikaona haya kwa niliyokuwa nawaza.

Mimi nilikuwa natazama mikono. Vidole vimevimba, pete imekwama. Alipokwenda kunawa bombani, ncha za vidole ziligeuka nyeupe kama chokaa. "Ni baridi tu, dada," akaniambia.

Labda.

Shajara, kazi yangu unaijua. Natunza panya wa maabara, wale wanaodungwa mafuta tumboni ili kinga ya mwili iwageuke na kuwashambulia wenyewe. Magonjwa mawili matatu hukutana katika panya mmoja: ya viungo, ya mapafu, ya figo. Majike ndio huumia zaidi. Mwenzangu alipokuwa mgeni kazini alimsifu mmoja, eti amenona. Kumbe ule unono ulikuwa maji yaliyojaa mwilini. Figo zilikuwa zimeanza kushindwa. Tangu hapo, jike akinona ghafla hatumsifu, tunampima mkojo.

Panya si mtu, najua. Nimejiambia hivyo njia nzima.

Kabla sijaondoka nilimkandamiza muundi wa mguu kwa kidole gumba, kama utani. Aneth akacheka. "Dada, unanikagua kama parachichi sokoni?"

Nikatoa kidole. Shimo likabaki.

Mama alikuwa anaingia na bakuli jingine la mtori. Nilimpokea bakuli. Nitamwambiaje kwamba unono anaojivunia huenda si wa chakula chake, bali ni maji?

Naogopa. Sijui kama mtoto wa Aneth atakua akimjua mama yake.

Kesho mama amepanga kutoa shukrani kanisani kwa afya ya binti yake, na mbuzi amekwisha kuchaguliwa. Kabla kengele haijalia nitakuwa pale, nimpeleke Aneth hospitali apimwe damu na mkojo. Mama atakasirika, na akasirike.

Sijawahi kuomba niwe nimekosea katika kazi yangu. Leo naomba.