Kifungo, Si Kifundo

Tarehe 4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa unaipaka, au umeiweka kabatini iangalie ukuta? Sisi huku wazima, tena wazima kupita kiasi.

Leo tumetimiza wiki tatu, Mama. Naandika "mume wangu" kila ninapopata nafasi, kwa sababu neno bado ni jipya na linanibana vizuri kama kiatu kilichotoka dukani. Jana pale mapokezi ya kliniki ya meno nilimwambia mzee mmoja, "Hata mume wangu anaogopa sindano," wala hakuwa ameniuliza. Mume wangu (umeona, tena) hurudi kutoka kiwanda cha uchapaji akiwa na wino vidoleni. Hunawa mpaka sabuni inaomba msamaha, na bado akinishika shavu huniachia alama ya dole gumba. Juzi nilihudumia wagonjwa nusu siku nzima na alama hiyo, mpaka daktari akauliza kama siku hizi watu wanapigia kura shavuni.

Chumba chetu kina dirisha moja na meza inayoyumba. Asubuhi mmoja huishikilia meza, mwingine humimina chai. Sidhani kama kuna malkia anayekunywa chai tamu kuliko yangu.

Kitu kimoja tu kinanichoma. Baba alipokea barua ya posa akasema atajibu Jumapili, na Jumamosi akatangulia. Baba mdogo alitoa ruhusa badala yake, nami namshukuru. Lakini wewe siku ya harusi ulikaa kimya kama mgeni aliyekosea mlango. Mama, una neno? Niandikie.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, nami nipo, tunavumiliana. Nimefurahi kusikia mnacheka. Nunueni meza nyingine.

Umeniuliza kama nina neno. Mwenye neno ni baba yako, na alikufa nalo mdomoni. Sasa nisikilize na usiruke. Mwenzangu wa kwaya amenipeleka kwa mama mmoja anayeongea na waliotangulia. Wanamwita Mama Pazia, kwa kuwa hukaa nyuma ya pazia na sauti hutokea huko. Nilidhani nitakuta vibuyu na moshi. Nikakuta chumba kisafi, viti vya plastiki na saa ya ukutani, na kabla ya yote tuliimba pambio. Aliomba picha ya marehemu akae nayo siku kadhaa. Nimempelekea kile kijitabu cha mazishi, maana ile ya jaladani ndiyo picha pekee ambayo baba yako hakufumba macho.

Nitamuuliza kuhusu ndoa yenu. Akisema ndiyo, nitalala.

Usije ukanihubiria. Ni mimi niliyekupeleka shule ya Jumapili ukiwa unalia.

Mama yako


Tarehe 22 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na nisamehe, maana nitahubiri kidogo. Ulinipeleka ukaniacha huko, sasa ndiyo mavuno.

Mama, nami namtaka Baba. Nikisikia cherehani mtaani nadhani ni yake. Lakini tulifundishwa, mimi na wewe kwenye benchi moja, kwamba walio hai hawaendi kuulizia mambo yao kwa wafu ilhali Mungu wao anasikia. Mchungaji hakusema wafu wameisha. Alisema wako mikononi mwa Mwingine, na si kazi yetu kuwavuta shati. Yule mfalme wa zamani aliyejibadilisha nguo akaenda kwa mwanamke mwenye pepo, jibu alilipata, Mama. Lilimfaa nini?

Nimemweleza mume wangu. Akaniuliza, "Je, Mama akisema hata Bwana alionekana mlimani na manabii waliokwisha kuondoka, utamjibu nini?" Anakujua vizuri. Nikamwambia Bwana ni Bwana wa walio hai na waliokufa, mimi ni mtu wa kliniki ya meno tu.

Anayesema nyuma ya pazia si Baba. Labda ni yule mama mwenyewe, labda ni kitu kibaya zaidi kinachojua kuiga. Kuimba pambio mlangoni hakukigeuzi. Tafadhali, chukua kijitabu chako urudi nyumbani.

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sikuzote ulikuwa na mdomo, hilo nililijua kabla hujaota meno.

Baba yako amejibu.

Sauti ilikuwa ya chini kama yake. Ilisema, "Mwambieni Kifundo wangu nimechoka." Watu wa nje hawajui jina lile. Miaka thelathini na moja aliniita Kifungo, akisema shati lisilo na kifungo ni kitambaa tu kinachopepea. Sasa amesema Kifundo. Nikamuuliza Mama Pazia, mbona amebadilisha? Akasema, "Marehemu ana kifundo moyoni. Kuna jambo limefanyika bila yeye."

Ni jambo gani lingine, mwanangu, kama si harusi yenu?

Sina ugomvi na kijana. Lakini siwezi kumwacha baba yako na kinyongo kule aliko. Rudi nyumbani mpaka tumtulize. Mama Pazia anasema miezi mitatu inatosha. Chumba chako nimeshakifagia.

Mama yako


Tarehe 13 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, na sasa naandika nimekaa. Mume wangu yuko hapa mbele yangu, ameshikilia meza kwa mikono miwili ingawa hakuna chai.

Nina jambo la kuungama. Ulimpa Mama Pazia kile kijitabu. Je, wewe uliwahi kukisoma ndani?

Najua hukukisoma. Ulikuwa ukifika kwenye picha, macho yanajaa, unakifunga. Sisi tulishukuru kwa hilo, Mungu atusamehe. Ukurasa wa tatu, kwenye maisha ya marehemu, niliandika kwa mkono wangu: "Kwa upendo alimwita mkewe Kifungo." Unaujua mwandiko wangu. G yangu na D yangu ni mapacha, hata mwalimu alishindwa. Mume wangu, wakati huo mchumba, aliichapa kazi ile usiku na mchana bila malipo. Akachapa "Kifundo". Nakala mia mbili. Kosa tuliliona asubuhi ya mazishi, vijitabu vimeshagawanywa, ukiwa umekaa karibu na jeneza. Nani angekuja kukwambia? Tukakubaliana kuficha.

Hilo jina, Mama, halikutoka kwa Baba. Limetoka ukurasa wa tatu.

Anataka kuandika mwenyewe, nampa kalamu.

*Mama, shikamoo. Ni mimi mkweo. Kosa ni langu, maana kazi yangu ni kusoma kabla ya kuchapa, nami nilisoma nikiwa na usingizi. Nimeharibu jina lako mbele ya watu mia mbili, kisha nikakaa meza moja nawe nikila kama mtu mwema. Niliogopa utasema huyu hatufai. Ukisema hivyo sasa, nitaelewa. Lakini usimhesabie mzee kinyongo ambacho ni uzembe wangu.*

Ananipokonya kalamu mara mbili, anataka kuongeza "samahani". Nimemwambia aliyoyaandika yanatosha.

Nami naongeza hili. Hata kama Mama Pazia angepatia kila herufi, bado ningekuomba usirudi kwake. Baba hana kesi nasi. Yuko kwa Mwamuzi mwenye haki. Mimi sirudi, Mama, nimeolewa. Ila nina swali ambalo nadhani tulipaswa kuanza nalo: umemuuliza Baba, umemuuliza Mama Pazia. Wewe mwenyewe unasemaje?

Mwanao


Tarehe 10 Mei

Mama,

Shikamoo. Mwezi mzima umepita bila barua. Kila mtu wa posta akipita nje ya kliniki naacha wagonjwa midomo wazi. Hata ukiandika matusi, yaandike kwa mkono wako. Nitayabusu.

Kitindamimba


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Marahaba, nyote wawili. Goti limepona kidogo, maana nimetembea nalo sana mwezi uliopita.

Kwanza nilikasirika. Watu mia mbili wamesoma kwamba mimi ni kifundo, wakanipa pole kwa adabu zote. Hasira hiyo ilinichukua wiki mbili, nami niliilea vizuri.

Kisha nilikwenda kwa Mama Pazia. Nikamwambia afungue ukurasa wa tatu. Akasema roho nazo hukosea herufi. Nikamwambia, "Mume wangu alikuwa fundi nguo. Alikuwa akikosea nusu inchi, anafumua. Nipe kijitabu changu." Akanipa. Nikamwonea huruma, nikamkaribisha kanisani. Hajaja.

Wiki iliyofuata nilimwendea mchungaji, kwa kuwa nilikuwa nimejiondoa mwenyewe kwenye Meza ya Bwana, nikikaa benchi la nyuma na kujifanya nakohoa. Nilijiandaa kukemewa. Akaniuliza tu, "Ulitaka kusikia nini kule?" Nikafungua mdomo niseme nilitaka baraka. Mwanangu, neno hilo halikutoka. Nilikaa pale mpaka chai yake ikapoa.

Hili ndilo lililonichelewesha kuandika, si goti wala kosa la mkwe. Sikwenda kule kutafuta ndiyo. Nilikwenda kutafuta hapana. Nyumba hii ilikuwa na watu watatu, na ndani ya miezi minne nikabaki na kiti changu. Mimi mwenyewe nisingeweza kukwambia urudi, ningeona aibu. Basi nikamtafuta marehemu anisemee. Nilimtwisha baba yako upweke wangu, nikauita kinyongo chake. Nimemwomba Mungu anisamehe, na sasa nakuomba wewe.

Sitakudanganya kwamba Baba yako aliniambia lolote usiku ule wa Ijumaa. Alisema ana usingizi. Jibu lake alikwenda nalo, na huko hatuendi kulidai.

Lakini barua ya posa iliandikwa kwa wazazi wawili. Nimeitoa sandukuni, ninayo hapa mbele yangu, na jina langu limo, tena limeandikwa sawasawa. Mzazi aliyebaki amechelewa kujibu, naye anajibu sasa.

Ndiyo.

Mama yenu