Masaa Tisa Niliyomwambia Kogo

Jumanne, Londiani. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na mimi sijatulia hata dakika.

Kogo, ndivyo tunavyomwita mama wa mume wangu, yuko kwake Boito na hajala tangu jana jioni. Ana sukari. Na mimi ndiye niliyemruhusu.

Mjukuu wake Chebet, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alipanda ndege jana saa nne usiku kwenda kazi ng'ambo. Kabla ya hapo Kogo alinipigia: "Mama Brian, hebu angalia kwa simu. Kutoka Nairobi mpaka Path ni masaa mangapi? Nataka kufunga niombe mpaka mtoto ashuke."

Sasa, mimi ni Mkikuyu niliyeolewa kwa Wakipsigis, na masikio yangu yamezoea. Huku p na b ni ndugu. Mume wangu akisema "papa" najua ni baba. Kwa hivyo niliposikia Path nikairekebisha mwenyewe kichwani, nikaandika Bath, ya Uingereza. Ndege mpaka London, karibu masaa tisa. Nikaona hayo ni ya kulala tu, asubuhi atakunywa chai yake. Nikamwambia afunge.

Saa mbili asubuhi, kimya. Saa tano, kimya. Ujumbe wangu kwa Chebet una tiki moja, haujamfikia. Hapa dukani nimewapimia wateja viazi bila kusikia wanachosema. Nimefungua habari kuangalia kama kuna ndege imeanguka, na hata kuliandika hilo hapa naogopa.

Kogo amepiga mara tatu. Mara ya tatu sauti ilikuwa nyembamba. Nikamdanganya kwamba ndege huchelewa, nikamsihi ale. Akasema aliyeahidiwa ni Mungu, si mimi.

Saa tisa mchana simu ikalia. Chebet: "Anti, bado niko Doha. Wi-Fi imenitesa. Ndege ya Perth ni jioni."

Perth.

Ya Australia. Inaandikwa hivyo, inatamkwa Path, na Kogo alikuwa ameitamka sawa kabisa. Kutoka Doha pekee ni kama masaa kumi na moja tena. Atashuka kesho.

Nilimpigia Kogo, nikamweleza yote. Akacheka kidogo. "Mimi nilisema Path." Halafu akaniambia nisilie, tangu asubuhi amekuwa akinywa mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, kwa sababu maziwa si chakula. Nilikaa juu ya gunia la viazi. Amekubali kupika ugali, aendelee kuomba akiwa ameshiba.

Nilidhani tumemaliza. Akauliza, na kurudi je, ni masaa mangapi? Nikasema ni yale yale, na ukiweka kungoja njiani inaweza kupita siku nzima.

"Kwa hivyo siku nikizidiwa, hatanikuta."

Nilimwambia aangalie sufuria isiungue.

Hilo la kuzidiwa nililisikia vizuri, na halikuwa na cha kurekebisha. Jumamosi nafunga duka niende Boito.